Nukta Kwenye Ramani Inasema Nini

Hotuba ya fundi simu kwenye mkutano wa mtaa, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mtendaji wetu, Mkaguzi wa Polisi wa Kata, wajumbe wa mashina, wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu. Shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wengine habari za jioni.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie simu na vifaa vidogo vinavyopotea, na namna ya kuvitafuta kwa programu za simu na kwa hizi tagi zinazouzwa siku hizi madukani, yaani vidude vidogo vya kufungia kwenye funguo au begi ili vitafutwe kwa simu. Nimekubali kwa moyo mmoja, maana jambo hili linanifikia kila mara kwenye meza yangu ya ufundi. Mtu anakuja anahema, ameshika simu ya rafiki yake, ananionyesha ramani yenye nukta, kisha ananiambia, "Fundi, simu yangu iko pale, kwenye ile nyumba yenye geti jeusi. Twende." Mimi siendi. Leo nataka kueleza kwa nini siendi, na tufanye nini badala ya kwenda. Nukta ile inamsaidia sana anayejua kuisoma, na inaweza kumwangamiza mtu mikononi mwa asiyejua.

Nianze na lililo zito. Mwaka 2020, katika jiji la Denver nchini Marekani, kijana mmoja aliporwa simu yake ya iPhone. Akafungua programu ya kuitafuta, nukta ikatua kwenye nyumba moja ya eneo la Green Valley Ranch. Hakwenda polisi. Usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 5 Agosti, yeye na wenzake wawili wakaichoma moto nyumba ile, watu wakiwa wamelala ndani. Wakafa watu watano wa familia moja yenye asili ya Senegal, wawili kati yao watoto wadogo kabisa. Familia ile haikuwa na simu ya mtu. Haikumjua kijana yule wala haikuhusika na wizi ule kwa namna yoyote. Mwaka 2024 kijana aliyewaongoza wenzake alihukumiwa kifungo cha miaka 60.

Jiji lilelile, Januari 2022, askari wenye silaha nzito walivamia nyumba ya bibi mwenye umri wa miaka 77, Ruby Johnson, wakitafuta gari lililoibwa likiwa na bunduki na simu ndani yake. Kilichowapeleka pale ni nukta ya programu ya kutafutia simu. Duara lililoizunguka nukta lilikuwa limegusa nyumba kadhaa, ila wao wakachagua ya bibi. Hawakukuta kitu. Mahakama baadaye, mwaka 2024, ilimpa fidia ya dola milioni 3.76. Hao walikuwa askari waliofunzwa kazi, na bado waliisoma nukta vibaya.

Sasa turudi hapa kwetu. Mnajua kelele za "mwizi!" zikipigwa kinachofuata ni nini. Mawe na tairi havisubiri ushahidi. Kijana anayepita na boksi la kahawa mkononi anaweza kupoteza maisha kwa sababu simu ya mwenzake imeonyesha nukta karibu na alipokaa. Ndiyo maana nimeona nianze na kusoma nukta, kabla ya kuambiana tupakue programu ipi.

Ukiiona nukta, angalia kwanza saa yake. Chini ya jina la kifaa programu inaandika kama taarifa ni ya sasa hivi, ya dakika 10 zilizopita, au ya jana usiku. Wengi hawasomi hayo maandishi madogo, macho yanaruka moja kwa moja kwenye ramani. Nukta ya jana saa mbili usiku inasimulia ya jana. Halafu tazama duara linaloizunguka. Lile ndilo eneo ambalo kifaa kinaweza kuwemo, na nukta imewekwa katikati yake kwa sababu lazima iwekwe mahali. Simu ikiwa uwanjani chini ya anga wazi, ikapata setelaiti za GPS vizuri, hukosea kwa kama mita 5 hivi. Ikiingia ndani, chini ya bati au zege, inategemea mawimbi ya Wi-Fi na minara ya simu, na kosa linapanuka. Kwa makazi yetu tulivyobanana, ndani ya mita 20 mna familia nne, duka la Mangi, saluni na kijiwe cha bodaboda. Kule Kariakoo kwenye maghorofa mambo ni magumu zaidi, kwa sababu ramani haikuambii ni ghorofa ya ngapi. Nukta moja hapo inabeba maduka ya chini, stoo za juu na ofisi za juu zaidi, zote kwa pamoja.

Jambo la tatu ndilo watu hawaambiwi kabisa wanaponunua vifaa hivi: nukta imetoka kwa nani? Simu inajitafuta yenyewe. Ina GPS, ina laini, ina bando, kwa hiyo inaweza kusema "niko hapa". Hedifoni za masikioni zisizo na waya hazina GPS wala laini. Zina redio ndogo ya Bluetooth tu, yenye uwezo wa kufika mita chache. Sasa ukiona hedifoni zako zina nukta kwenye ramani, jua kwamba kwa nyingi kati yake hiyo ni nukta ya simu yako wewe mwenyewe, mahali ulipokuwa wakati simu na hedifoni zilipoachana.

Nitawapa mfano wa kijana aliyenifuata pale mezani. Alishuka daladala Makumbusho, hedifoni moja ikamtoka mfukoni ikabaki kwenye kiti. Daladala likaondoka nayo. Simu yake ilikuwa naye kituoni, mawasiliano yakakatika, programu ikaandika: mara ya mwisho kuonekana, Makumbusho. Akarudi pale kituoni na hasira zake, akaanza kumbana mama anayeuza matunda, kwa sababu nukta ilikuwa imekaa juu ya meza ya yule mama. Hedifoni wakati huo iko njiani kuelekea Tegeta. Ramani haikumdanganya hata kidogo. Ilimwambia mahali yeye alipopoteza mawasiliano, naye akasikia mahali mwizi alipo.

Kwa hedifoni mpya zaidi hali imeboreka. Baadhi ya AirPods tangu 2021, na zile za Android zinazounganishwa kwa Fast Pair, njia ya Google ya kuunganisha haraka, na kuruhusiwa kwenye mtandao wa kutafutia, zinaweza kusikiwa pia na simu za watu wengine zinapopita karibu. Hata hivyo hedifoni iliyoanguka nje ya kasha lake ina betri ya saa chache tu. Ukigundua imekosekana, itafute hapohapo. Ukisema utaitafuta kesho, kesho haitakuwa na moto wa kukujibu.

Sasa tagi. Watu wananunua AirTag, tagi ya Apple, wakidhani wamenunua GPS. Hapana. Ndani mna betri bapa ya CR2032, ileile inayowekwa kwenye rimoti nyingi za magari, na redio ya Bluetooth. GPS haimo. Haina laini, haina bando, haiijui hata Dar es Salaam iko wapi. Tagi iliyoachana na mwenyewe ni mtoto aliyepotea sokoni: analia tu, hajui yuko wapi, na wanaojua ni wapita njia wanaomsikia. Simu ya mpita njia ikiinasa tagi, inachukua mahali ilipo simu hiyo, inaifunga taarifa kwa njia ambayo mwenye tagi peke yake anaweza kuifungua, na kuituma. Aliyebeba simu hajui kwamba amekusaidia, wala hajui kitu ni cha nani, na Apple wenyewe hawawezi kuisoma. Kwa hiyo nukta ya tagi ni mahali alipokuwa mtu mwingine alipopita karibu na kitu chako. Alikuwa barabarani, au kwenye bajaji, au upande wa pili wa ukuta. Mkilishika hilo moja leo, nimefanya kazi yangu.

Kutokana na hilo mtaelewa kwa nini mtu akiniuliza anunue tagi gani, nami namuuliza kwanza ana simu gani na kitu chake kinakaa wapi. AirTag, iliyotoka Aprili 2021, inasikiwa na simu za Apple. SmartTag ya Samsung, ya mwaka huohuo, inasikiwa na simu za Galaxy. Google nayo ilifungua mtandao wake Aprili 2024, ikaanza Marekani na Kanada kisha ikaeneza nchi nyingine, na huo unatumia simu za Android kuanzia toleo la 9. Programu yake tangu 2025 inaitwa Find Hub. Angalieni simu mlizoshika hapa uwanjani: Tecno, Infinix, itel, Samsung, Redmi. Nyingi ni Android. Mwenye iPhone anayesafiri kwa ndege kwenda Dubai au Guangzhou kufunga mzigo, AirTag ndani ya begi inamfaa sana, kwa sababu viwanja vya ndege vimejaa iPhone. Lakini begi hilohilo likipelekwa shambani Kilosa, AirTag inaweza kunyamaza siku nzima mpaka mwenye iPhone apite.

Na mwenye Android ajue jambo moja zaidi. Mtandao wa Google kwa kawaida unatoa taarifa pale tu vifaa kadhaa vimekisikia kitu kilekile, yaani sehemu zenye watu wengi. Wamefanya hivyo kulinda faragha za majumbani, na mimi nakubaliana nao. Kwenye mipangilio ya Find Hub unaweza kuiruhusu simu yako isaidie maeneo yote. Ukikaa pembezoni ambako simu ni chache, kuruhusu hilo kunamsaidia jirani yako zaidi kuliko wewe. Tukifanya wengi, kila mmoja anapata.

Hapo kwenye ndege kuna swali ambalo wafanyabiashara huniuliza: je, tagi inaruhusiwa kwenye begi la chini? Ndiyo. Oktoba 2022 shirika la Lufthansa lilileta mkanganyiko kwa kusema tagi zizimwe, na ndani ya siku chache, baada ya mamlaka za Ujerumani kukubali kwamba betri zile ndogo si hatari, likasema zinaruhusiwa. Mwishoni mwa 2024 Apple waliongeza njia ya kulipatia shirika la ndege kiungo cha muda kinachoonyesha lilipo begi lako, kikaisha chenyewe baada ya siku 7 au ukishalipata. Hayo ndiyo matumizi ninayoyapenda: mwenye mzigo anaonyesha, mhusika anakwenda kuchukua.

Vijana wa bodaboda, nanyi nisikieni. Tagi ya kufungia funguo haitoshi kulinda pikipiki. Ukiificha chini ya tanki, chuma kinaziba mawimbi. Isitoshe, tagi hizi zimeundwa zimtahadharishe mtu anayesafiri na tagi isiyo yake, kwa hiyo mwizi mwenye simu nzuri ataambiwa, na AirTag yenyewe huanza kulia ikishakaa mbali na mwenyewe kati ya saa 8 na 24. Kwa pikipiki tafuteni kifaa cha GPS chenye laini yake na umeme wa betri ya pikipiki. Ni gharama zaidi, lakini ndicho kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Niwaeleze sasa namna ya kutafuta kitu ndani ya nyumba, maana vitu vingi havijaibwa, vimejificha. Bibi mmoja wa hapa mtaani alipotelewa na kifaa chake cha kusikia, kile cha kuvaa nyuma ya sikio. Ni kitu cha gharama, na kwake yeye ni mazungumzo ya wajukuu. Vifaa vingi vya sasa vya kusikia vina Bluetooth, na vinaungana na simu. Nilikwenda na simu yenye programu ya bure ya kupima mawimbi ya Bluetooth. Inaorodhesha kila kifaa kilicho karibu na kukiwekea namba hasi. Hasi 90 maana yake uko mbali au kuna ukuta mnene. Hasi 60, mara nyingi mko chumba kimoja. Hasi 40, nyoosha mkono.

Sebuleni ilisoma hasi 88. Jikoni ikapotea kabisa, maana friji na makabati ya bati yanaziba. Mlangoni mwa chumba cha kulala ikawa hasi 71. Hapo nilifanya kitu ambacho nataka mkishike: nilisimama, nikaibana simu kifuani, nikajigeuza polepole, robo kwa robo, nikisubiri kidogo kila upande. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, na maji yanameza mawimbi ya Bluetooth. Ukikipa kifaa mgongo, namba inashuka. Ukikielekea, inapanda. Ilipanda nilipoelekea kitandani. Kitandani palikuwa na kanga zilizofuliwa na kukunjwa. Nikazisogelea: hasi 52, hasi 45. Kifaa kilikuwa ndani ya mkunjo wa kanga ya tatu, kilitoka na nguo alipoivua kichwani. Bibi alikivaa, akamwambia mjukuu wake, "Sema tena ulichokuwa unasema asubuhi."

Namba zile hazipandi papo hapo, zinachelewa, na mtu akitembea haraka anakuwa ameshapita. Nenda taratibu, hatua mbili, simama, soma. Kama kifaa chako kina uwezo wa kulia, zima redio na feni kwanza, au subiri usiku nyumba itulie, mradi betri yake ni ya kudumu. Na kwa hedifoni, hakikisha haiko sikioni mwa mtoto kabla hujaamuru ilie. Sauti ile ni kali.

Nimefika kwenye maandalizi. Programu hizi haziwashwi baada ya kitu kuondoka. Kama hukuingia kwenye akaunti ya Google au ya Apple, kama hukuruhusu mahali kuonekana, kama simu yako haina namba ya siri ya kufungulia, siku ikipotea fundi hana la kukufanyia. Wengi wetu tulifunguliwa akaunti na muuza simu siku ya kununua, hatujui hata jina la barua pepe yenyewe. Mtu anakuja kwangu, namuuliza nenosiri, ananiambia, "Alilijua yule kijana wa dukani." Akaunti hiyo si yako. Fungua yako.

Halafu kuna mtego unaowanasa hata wajuzi. Umeweka akaunti yako ilindwe kwa namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Vizuri. Simu ikiibwa, unakwenda kwa jirani, unaingiza nenosiri, Google inakuambia: tumetuma namba kwenye simu yako. Simu ipi? Ile iliyoibwa. Unakaa nje ya akaunti yako mwenyewe huku dakika za thamani zinapita. Dawa ipo. Google wanakupa namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8. Ziandike kwenye karatasi, weka karatasi pamoja na cheti cha kuzaliwa au mpe unayemwamini. Upande wa Apple, ukurasa wa kutafuta vifaa kwenye iCloud unakuruhusu uingie bila ile namba ya pili, wanaelewa kwamba simu yenyewe ndiyo imepotea. Unahitaji kukumbuka nenosiri tu.

Piga *#06# sasa hivi. Mnaona namba ya tarakimu 15? Hiyo ni IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, na simu ya laini mbili inazo mbili. Iandike pamoja na zile namba za akiba. Tunzeni boksi na risiti. Mnakumbuka Juni 2016 simu bandia zilipozimwa nchini? Zilitambuliwa kwa namba hii. Laini inabadilishwa, jina linabadilishwa, ila IMEI ndiyo inayokwenda kwenye taarifa ya polisi na kwa mamlaka.

Na sasa wizi wenyewe. Kibaka wa pikipiki anakwapua simu ikiwa wazi, mkononi, unapozungumza. Hapo anachokitaka si simu tu, anataka pesa za kwenye simu. Kwa sababu hiyo Google walileta mwaka 2024 ulinzi unaohisi mkwapuo, yaani simu ikinyakuliwa ghafla na kukimbizwa inajifunga yenyewe. Waliujaribu kwanza Brazil, nchi inayoijua vizuri taabu hii, na unafanya kazi kwenye simu nyingi za Android kuanzia toleo la 10. Apple nao mwaka huohuo walileta ulinzi unaodai sura au kidole cha mwenyewe kabla ya mabadiliko makubwa simu ikiwa mbali na nyumbani. Yote mawili yako kwenye mipangilio na mtu anatakiwa kuhakikisha yamewashwa.

Ukishakwapuliwa, ingia kwenye programu kupitia simu ya mtu, uifunge simu. Kufunga kwanza, ramani baadaye. Weka ujumbe kwenye kioo wenye namba nyingine ya kukupata, maana wapo Watanzania wengi wanaookota simu na kutaka kuirudisha, na hawana njia. Kisha wapigie mtandao wako wazuie laini na huduma ya pesa. Kisha kituo cha polisi, uchukue RB, yaani namba ya kuonyesha umeripoti, utoe IMEI, na uonyeshe picha ya skrini ya ile nukta pamoja na saa yake na duara lake. Hapo ndipo nukta inapofanya kazi halali. Ndugu zetu wa Kenya wanachukua OB, utaratibu unafanana. Mkaguzi yupo hapa na amenihakikishia kwamba taarifa ya namna hiyo ataipokea. Yeye ana mamlaka ya kugonga mlango. Mimi na wewe hatuna.

Usikimbilie kufuta kila kitu. Kwenye Android, ukishafuta kwa mbali, huwezi tena kuiona simu. Futa pale ambapo taarifa zilizomo ni za hatari kuliko thamani ya simu yenyewe, au umekata tamaa ya kuipata. Kwenye iPhone unaweza kufuta na ikabaki imefungwa kwa jina lako, lakini usiiondoe kwenye akaunti yako. Ukiiondoa, umemfungulia mwizi.

Na watakuomba uiondoe. Siku chache baada ya iPhone kuibwa, mwenyewe anapata ujumbe mzuri wenye nembo: simu yako imepatikana, bonyeza hapa uone ilipo. Anabonyeza, anaombwa nenosiri, anaandika. Wezi wanataka hilo tu, kwa sababu simu iliyofungwa haiuziki ila kwa vipuri. Kampuni haikutumii kiungo cha namna hiyo. Fungua programu yako mwenyewe kila mara. Wengine watapiga simu kabisa, wakijifanya askari au mafundi. Mimi kama fundi nasema: fundi anayekutaka utoe simu iliyoibwa kwenye akaunti yako, anafanya kazi ya mwizi. Na mafundi wenzangu mnaoflashi simu bila kuuliza boksi wala risiti, nanyi mnaijua nafasi yenu katika mnyororo huu.

Lipo jambo la mwisho, na ni kwa dada zetu na mama zetu hasa. Kitu kinachotafuta begi kinaweza kumtafuta mtu. Tagi inaingia kwenye pochi, kwenye kiti cha gari, kwenye mshono wa begi la mwanafunzi. Mei 2024 Apple na Google waliweka tahadhari ya pamoja: iPhone na simu za Android kuanzia toleo la 6 zinaweza kukuambia kuna tagi isiyojulikana inayosafiri nawe. Ukiupata ujumbe huo usiupuuze. Iamuru tagi ilie, itafute. Ukiipata AirTag, igusishe nyuma ya simu inayosoma NFC, yaani mawasiliano ya kugusisha. Itakufungulia ukurasa wenye namba yake ya utambulisho. Piga picha ukurasa huo kabla ya kuitoa betri, kwa sababu namba ile inaweza kuwafikisha polisi kwa mwenye tagi. Betri inatoka kwa kuukandamiza mfuniko na kuuzungusha kinyume cha saa. Kama unamshuku mtu wa ndani ya nyumba yako mwenyewe, na kuitoa kutamfanya akudhuru, iache ilipo na nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wao wanajua hatua za kuchukua.

Kwa akina baba: usimwekee mkeo. Watengenezaji wenyewe wanasema tagi ni za vitu, si za watu. Anayetaka kujua alipo mwenzake amuombe ashirikishe mahali alipo kwa hiari, kwa uwazi, na akubali kukataliwa.

Mwenyekiti, naomba niishie hapa, muda uliobaki tuutumie kwa vitendo. Nimeweka meza pale chini ya mwembe, na vijana wawili wa kunisaidia. Njooni na simu zenu, wenye maboksi mje nayo. Wazee na wenye vifaa vya kusikia watangulie, kisha wale ambao akaunti zao zilifunguliwa dukani, maana hao kazi yao ni ndefu. Kila mmoja ataondoka na IMEI yake na namba zake za akiba zimeandikwa kwenye karatasi, na kabla hajaondoka, jirani yake ataiita simu yake kupitia programu mpaka ilie kwa sauti ya juu ikiwa imewekwa kimya. Isipolia, tunaanza upya. Ahsanteni sana.